Msiuze Mtumbwi wa Mzee

Mdogo wangu unayefanya kazi Tororo, barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema baba yenu bado anavua Majanji, magoti yamechoka, na wiki nzima inaweza kupita akirudi na kitoweo tu. Nyinyi watoto mmekubaliana muuze mtumbwi na nyavu bila yeye kujua, kisha muwe mnamtumia hela za matumizi kwa simu. Umeniuliza kama mnakosea. Mnakosea, mpenzi, ingawa najua mnafanya hivyo kwa kumpenda.

Kabla hujaongea na kaka zako, kitafute kitabu cha Ernest Hemingway kilichotoka mwaka 1952. Kwa Kiswahili kinaitwa Mzee na Bahari. Santiago, mvuvi wa Cuba, amemaliza siku 84 bila kupata samaki. Wengi humsifu kwa ubishi wake. Mimi namsifu kwa umakini wake. Kila siku anashusha ndoano kwenye kina alichokusudia, kamba zimenyooka sawasawa, ili bahati ikija imkute yuko tayari. Mkono wa kushoto unapokakamaa, anakula jodari mbichi ili upate nguvu, na kazi inaendelea kwa mkono wa kulia. Hatimaye samaki wake mkubwa analiwa na papa njiani, naye anafika nyumbani na mifupa. Hana cha kuuza, lakini hakuna awezaye kusema hakuijua kazi yake.

Sasa mwangalie Manolin, kijana aliyekuwa akivua naye, maana nafasi yako ni kama yake. Wazazi wake walimhamishia chombo kingine baada ya mzee kukaa siku 40 bila samaki. Hata hivyo jioni anakuja kumbebea kamba, anamletea chakula, kahawa na chambo. Hamwambii aache. Na mzee akiwa peke yake baharini, anamtaja kijana huyo tena na tena, akitamani angekuwa naye. Nguvu za mzee zina mtu anayezitegemeza.

Hata Hemingway mwenyewe alifika mahali pa kuhitaji kusaidiwa. Januari 1954, hapo Uganda kwenu, alipata ajali mbili za ndege ndani ya siku mbili, karibu na maporomoko ya Murchison kisha Butiaba. Mwaka huo huo akatunukiwa Tuzo ya Nobel, lakini kwa majeraha hakwenda kuipokea, na hotuba yake ikasomwa na mtu mwingine. Heshima yake haikupungua kwa kusaidiwa.

Basi fanyeni hivi. Kwanza, kaeni na mzee mumsikilize. Msipitishe uamuzi juu ya kichwa chake. Safari za usiku za kuvua mukene, hao dagaa wanaoitwa omena mkivuka Busia ya Kenya, waachiwe vijana. Yeye aende mchana, upepo ukiwa mtulivu, asiende peke yake, na mnunulieni jaketi la kuokolea. Mpeni kijana wa ukoo awe mpiga kasia wake. Wahenga walisema mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo: kijana atavuta nyavu, mzee atamwonyesha mahali pa kuzitupa na dalili za dhoruba. Mpelekeni hospitali apimwe macho na moyo. Daktari akisema asiingie majini, mwambieni ukweli huo uso kwa uso. Hapo abaki ufukoni akishona nyavu na kufundisha, mtumbwi ukiwa bado wake.

Hela za simu tumeni, ni haki yake. Ila msidhani zinaweza kujaza nafasi ya kazi iliyomsomesha kila mmoja wenu.

Jumamosi hii panda gari mpaka Busia, uendelee hadi Majanji, ukae na baba yako. Na umwambie kaka yako mkubwa kwamba mtumbwi hauuzwi.