Tumjue Nyuki Seremala Kabla ya Kumhukumu



Ndugu zangu, katika usuli wa fiqhi tunafundishwa kwamba hukumu ya kitu hufuata kukijua kitu chenyewe. Nyuki weusi wametoboa boriti za baraza la msikiti wetu hapa chuoni, na baadhi yetu wanataka wapuliziwe dawa. Basi tuanze kwa kuwajua.

Huyu ni nyuki seremala, kwa wataalamu Xylocopa. Ni mnene kuliko nyuki wa asali, na tumbo lake jeusi hung'aa. Katika aina ya Xylocopa caffra, jike ana mikanda miwili ya njano au myeupe, na dume ni wa njano mwili mzima, hata ukadhani ni mdudu mwingine. Dume ndiye huelea mbele ya uso wako akivuma kwa ukali, lakini hana mwiba. Jike anao, ila ni nadra kuchoma asiposhikwa au kubanwa.

Mbao hali. Jike hutoboa kwa taya tundu la duara lenye upana kama wa kidole, kisha hugeuka kufuata urefu wa mbao. Unga ulioanguka chini ndio dalili yake. Ndani huweka donge la chavua na maji matamu ya maua, hutaga yai moja juu yake, huziba kwa unga wa mbao, kisha huanza chumba kingine. Hana asali ya kurina.

Faida yake iko shambani. Ua la pasheni ni kubwa, na nyuki wa asali ni mdogo mno kulichavusha vizuri. Seremala hulienea. Mkulima akimkosa, huenda akachavusha kwa mkono.

Ibn Abbas amepokea hadithi, iliyomo katika Abu Dawud, inayokataza kuua wanyama wanne, nyuki akiwemo. Kama seremala anaingia humo, tuwaulize masheikh. Madhara nayo yapo, kwani matundu yakitumiwa miaka mingi hudhoofisha boriti. Yaondolewe kwa njia nyepesi inayotosha: tuzibe matundu yaliyokwisha kuhamwa, tupake mbao rangi kwa kuwa hupendelea mbao tupu, na tuwawekee gogo kavu kando ya bustani. Dawa haitahitajika.

Wallahu a'lam.