Mapumziko ya Baharini Yasipolingana na Ahadi

Safari ya familia baharini huweza kugharimu akiba ya miezi mingi. Tena haifanani na shati lenye kasoro, ambalo hurudishwa dukani kesho yake. Siku ya likizo ikiharibika, imekwisha kuharibika. Katika somo hili tunaeleza haki za mlaji anayenunua safari ya matembezi baharini, na namna ya kuzidai ahadi isipotimizwa.

Mfano

Tuchukue mfano wa kubuni. Familia ya watu sita kutoka Muheza imelipa shilingi 600,000 kwa safari ya boti kutoka Pangani hadi Kisiwa cha Maziwe. Tangazo liliahidi kuondoka saa 2 asubuhi, siku nzima kisiwani, chakula cha mchana, na miwani ya kuzamia kwa kila mtu. Boti ikaondoka saa 5:30. Walipofika, kisiwa kilikuwa kimefunikwa na maji. Wakala chakula chomboni huku watoto wakichafukwa na moyo, wakapokezana miwani miwili, na ilipofika saa 9 alasiri walikuwa wamerudi nchi kavu. Walipolalamika, muuzaji aliwajibu kwamba bahari haina mwenyewe.

Je, jibu hilo linamwondolea muuzaji wajibu?

Kupwa na kujaa si dharura

Maziwe ilitangazwa kuwa eneo tengefu la bahari mwaka 1975. Zamani ilikuwa na miti, na kasa walitaga mayai humo. Mmomonyoko uliimaliza ardhi yake, na leo ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa na kutoweka yakijaa. Katika pwani yetu, siku za bamvua, yaani zile zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa sana mnamo saa 4 asubuhi. Kisha wakati huo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Siku za maji mafu hupwa kidogo tu.

Mambo haya wavuvi wanayajua, na majedwali ya kupwa na kujaa huyaonyesha mapema. Kwa hiyo muuzaji aliyeahidi siku nzima kisiwani aliahidi jambo lisilowezekana, na alipochelewa kuondoka kwa saa tatu na nusu aliwanyima wateja hata saa chache ambazo zingewezekana. Kosa hapo si la bahari.

Upepo una hukumu nyingine. Kusi ikivuma kwa nguvu, nahodha anawajibika kuahirisha safari, nasi tunamsihi mlaji asimshurutishe. Taifa halijasahau kuzama kwa MV Spice Islander I mwaka 2011 na MV Skagit mwaka 2012. Hata hivyo, usalama ni sababu ya kuahirisha; si sababu ya kubaki na fedha za huduma ambayo haikutolewa.

Sheria inasemaje

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu huduma anayoiuza. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa aliyevunjiwa mkataba haki ya kulipwa fidia ya hasara iliyotokana moja kwa moja na uvunjaji huo. Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba. Ugumu wake ni kuyathibitisha.

Je, masikitiko ya familia yana thamani? Nchini Uingereza, katika kesi ya Jackson dhidi ya Horizon Holidays, iliyoripotiwa mwaka 1975, baba aliyeilipia familia yake likizo iliyoharibika alipewa fidia iliyozingatia pia masikitiko ya mkewe na watoto. Uamuzi huo hauzifungi mahakama zetu, lakini unaonyesha kwamba anayeuza mapumziko huuza pia utulivu alioutangaza.

Kabla ya kulipa

1. Uliza maji yatapwa saa ngapi siku ya safari, na mtakaa kisiwani kwa muda gani.
2. Uliza kama bei inajumuisha kiingilio cha hifadhi, chakula na vifaa, na kwa watu wangapi.
3. Hakikisha chombo kina kibali cha kubeba abiria na jaketi okozi kwa kila mmoja, wakiwamo watoto. Likikosekana hata moja, msipande.
4. Kubalianeni kwa maandishi kuhusu kurudishiwa fedha safari ikiahirishwa. Ujumbe wa simu unatosha kuwa ushahidi.
5. Dai risiti, na uhifadhi tangazo.

Ahadi ikivunjwa

Toa malalamiko papo hapo, kwa utulivu. Piga picha na uandike saa ya kuondoka, ya kufika na ya kurudi. Kisha mwandikie muuzaji barua fupi yenye mambo manne: kilichoahidiwa, kilichotolewa, kiasi unachodai na tarehe ya mwisho ya kujibiwa.

Dai lako liwe la haki. Familia ya mfano wetu ilipata chakula. Si vema idai kana kwamba haikupata kitu. Lakini nauli ya kwenda kutazama maji siyo nauli waliyoilipia, hivyo wana hoja ya kudai sehemu kubwa ya fedha zao. Muuzaji akijitolea kuwarudisha Maziwe bila malipo, siku na saa inayofaa, walifikirie pendekezo hilo kwa uzito, kwa kuwa sheria humtaka mdai naye achukue hatua za busara kupunguza hasara yake.

Asipojibu, peleka malalamiko ya upotoshaji kwa Tume ya Ushindani. Yanayohusu usalama wa chombo yapelekwe kwa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), bila kungoja jibu la muuzaji. Madai ya fedha zitokanazo na mkataba huweza kufunguliwa pia katika Mahakama ya Mwanzo.

Mlaji anayeuliza saa ya maji kupwa kabla ya kutoa fedha hamsumbui muuzaji mwaminifu. Humpa nafasi ya kusema kweli mapema, wakati bado ina faida kwa wote wawili.