Mfungo wa Maji na Chuma: Linda Misuli, Usijaribu Kuijenga

Januari huja na mambo mawili kwa pamoja. Makanisa mengi hutangaza mfungo wa kufungua mwaka, na wiki hiyohiyo jimu hufurika watu waliojiandikisha upya. Wengi huwa ni walewale: jioni wako kwenye benchi, usiku wako kwenye maombi, na tumboni mna maji tu. Wengine hawafungi kwa ibada. Wanataka kitambi kiondoke, au wamesikia kwamba siku tatu za maji husafisha mwili. Sababu ya kufunga ni ya mtu mwenyewe na siigusi. Langu ni hili: ukiwa kwenye mfungo wa maji hujengi misuli, hata ujitume vipi. Kazi yako ni kuilinda ile uliyo nayo, na ratiba yote ya mazoezi ianzie hapo.

Ninazungumzia maji matupu: hakuna chakula, hakuna juisi, hakuna uji. Ramadhani ni jambo jingine, kwa kuwa mchana hakuna hata maji, lakini kuna futari na daku, na misuli hupata protini kila usiku. Wanaofunga siku 21 huku wakila kila jioni nao wana unafuu huo. Hao wapige chuma jioni, muda mfupi kabla ya kufungua au saa mbili baada ya kula. Mfungo mkavu wa siku kadhaa haupatani na mazoezi ya aina yoyote. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, ni hatari hata kwa mtu aliyelala kitandani.

Wapo pia ambao hata maji matupu si yao. Mjamzito na anayenyonyesha. Aliye chini ya miaka 18. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge, kwa sababu dawa kama glibenklamaidi huendelea kushusha sukari hata kama hukula kitu. Mwenye ugonjwa wa figo, mwenye gauti, mwenye vidonda vya tumbo, aliyewahi kusumbuliwa na tatizo la kujinyima kula, na aliye mwembamba tangu mwanzo. Mwenye selimundu namtaja peke yake, maana upungufu wa maji mwilini unaweza kumletea maumivu makali ya ghafla, na mazoezi juu yake huzidisha. Kama unatumia dawa za presha, muone daktari kwanza, kwa kuwa mfungo wenyewe hushusha presha. Tena usimeze diklofenaki kwa ajili ya maumivu ya misuli huku tumbo likiwa tupu.

Tuingie ndani ya mwili. Ini la mtu mzima huweka akiba ya sukari, glaikojeni, kama gramu 100, na misuli yote kwa jumla kama gramu 400. Akiba ya ini huisha karibu yote ndani ya siku moja hivi. Ya misuli hukaa zaidi, kwa sababu misuli haiwezi kuirudisha sukari hiyo kwenye damu; huitumia yenyewe. Ubongo nao hudai sukari kama gramu 120 kwa siku, na hausubiri. Hapo ini huanza kutengeneza sukari kutokana na vitu vingine, na kimojawapo ni protini ya misuli yako. Daktari George Cahill wa Boston, aliyechunguza watu waliofunga muda mrefu katika miaka ya 1960, alikadiria kuwa siku za mwanzo mwili hutumia protini kama gramu 75 kwa siku. Baada ya wiki kadhaa kiasi hicho hushuka hadi kama gramu 20, kwa sababu ubongo umeshazoea ketoni zinazotokana na mafuta. Kwa hiyo siku za mwanzo ndizo zinazoila misuli zaidi. Anayefunga siku tatu kila baada ya wiki mbili hurudia zile siku za gharama tupu. Kama lengo lako ni nguvu, siku tatu mara chache kwa mwaka zinatosha, na kwa walio wengi saa 24 hadi 36 ni bora kuliko siku tatu.

Mizani nayo huwadanganya watu sana. Siku mbili za kwanza unaweza kupungua kilo mbili ukafurahi kwamba mafuta yameyeyuka. Piga hesabu: kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori kama 7,700, na mtu wa kawaida hutumia kalori 2,000 na kitu kwa siku. Hata kama kila kalori ingetoka kwenye mafuta, ni robo kilo tu na kidogo kwa siku. Kinachobaki, kwa sehemu kubwa, ni maji. Kila gramu ya glaikojeni hushikilia kama gramu tatu za maji, na insulini ikishuka figo huachia chumvi, chumvi nayo huondoka na maji. Ndiyo maana mkono huonekana umesinyaa siku ya pili, na ukila hujaa tena.

Mwaka 2024 watafiti wa Uingereza na Norway walichapisha matokeo ya watu 12 wenye afya waliofunga kwa maji siku 7. Kwa wastani walipungua kilo 5.7. Walipokula tena kwa siku tatu, uzito usio wa mafuta ulirudi karibu wote, na mafuta yaliyokwenda hayakurudi. Hiyo ni habari ya kutia moyo, na ndiyo iliyonifanya niamini kwamba siku za kula baada ya mfungo zina uzito mkubwa kuliko chochote utakachofanya jimu ukiwa na njaa. Lakini watu hao walikuwa chini ya uangalizi. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Angus Barbieri wa Uskoti, ambaye habari zake husambazwa sana kwenye simu. Ni kweli alikaa siku 382 bila chakula mwaka 1965 na 1966. Ni kweli pia kwamba alianza akiwa na kilo 207, alifuatiliwa na madaktari wa hospitali ya Dundee, na alipewa vitamini na potasiamu. Kijana wa kilo 68 hana akiba ile wala madaktari wale.

Kuna hoja mbili nyingine nazisikia jimu kila mara. Ya kwanza ni kwamba kufunga huongeza homoni ya ukuaji, kwa hiyo misuli hukua. Homoni hiyo hupanda kweli, lakini ile inayotumwa na ini kwenda kuitekeleza kazi ya kujenga hushuka wakati huohuo. Mwili huitumia homoni ya ukuaji kuyafungua mafuta. Hoja ya pili ni ya seli kujisafisha, otofajia. Yoshinori Ohsumi wa Japani alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kazi hiyo, na kazi yenyewe aliifanya kwenye hamira. Haikumpa mtu yeyote idadi ya saa za kufunga ili misuli yake isafishike. Usiongeze siku kwa sababu ya hesabu ambayo hakuna aliyeipiga.

Sasa ratiba. Tuseme unataka saa 36, kuanzia Jumamosi usiku hadi Jumatatu asubuhi. Piga chuma kizito Jumamosi asubuhi, kisha ule vizuri mchana na usiku: wali au ugali wa kutosha, samaki au maharage, mboga, maji. Kama wewe ni mtu wa kahawa, anza kuipunguza siku tatu kabla, maana maumivu ya kichwa ya siku ya kwanza mara nyingi ni ya kahawa wala si ya njaa. Jumapili tembea nusu saa asubuhi kabla jua halijawaka. Basi. Hakuna misuli itakayopotea kwa kukosa jimu Jumapili moja.

Kwa siku tatu, ruhusa ya kugusa chuma ni mara moja, siku ya kwanza au asubuhi ya siku ya pili. Chukua uzito kama theluthi mbili ya ule unaoubeba kwa kawaida, seti mbili kwa kila zoezi, kila seti mara tano au sita, na uache ukiwa bado unaweza kuongeza mara nne. Pumzika dakika tatu kati ya seti. Dakika 30 zikiisha, ondoka. Hapo unaipa misuli sababu ya kubaki, basi. Chagua mazoezi ya kukaa au ya mashine: kuvuta kamba, kusukuma kwa miguu, dambeli ukiwa umeketi. Skwati yenye chuma mabegani, kunyanyua chuma kizito kutoka sakafuni na benchi bila mtu wa kukushikia viache kabisa. Mbio za kasi na zile raundi za kuruka bila kupumzika nazo ziache, kwa sababu hutegemea glaikojeni, ambayo ndiyo inayokuishia. Siku ya tatu ni ya kujinyoosha na kutembea polepole.

Kabla ya kugusa chochote, jipime. Lala chali dakika tano. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu mapigo kwa sekunde 30 na uzidishe kwa mbili. Simama. Subiri dakika moja, hesabu tena. Mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi, au macho yakiingia giza, au ukajikuta unatafuta ukuta wa kushika, leo hakuna mazoezi. Kunywa maji yenye chumvi kidogo, ukae. Hali isipotulia ndani ya saa moja, mfungo umeisha. Moyo ukiruka mapigo, ukichanganyikiwa, ukizimia au ukitapika mfululizo, usisubiri hata hiyo saa, nenda hospitali.

Maji yenyewe yanywe kidogokidogo, lita mbili hadi tatu kwa siku, zaidi kidogo kama unatoka jasho. Kunywa lita nyingi kwa mkupuo hupunguza chumvi kwenye damu, na hilo huleta kichwa kuuma, kichefuchefu na hata degedege. Asiye na presha ya kupanda wala ugonjwa wa figo au moyo anaweza kugawa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye maji ya siku nzima kuanzia siku ya pili. Kama kanisa lako linataka maji bila kitu chochote ndani, liheshimu hilo, lakini chuma kiache kabisa.

Siku ya kufungua ndiyo ninayoigombania. Watu hufunga vizuri siku tatu, kisha wanafungua kwa pilau, soda na chipsi mayai, na jioni wanaenda jimu kufidia. Anza na bakuli dogo la papai au tikiti, au kikombe cha supu ya kuku iliyoenguliwa mafuta, yenye chumvi na vipande vichache vya kiazi vilivyolainika mpaka vinasambaratika kwenye kijiko. Kula ukiwa umekaa, taratibu. Baada ya saa mbili kula yai la kuchemsha na nusu ndizi, au mtori kidogo. Usiku samaki na wali kiasi. Siku inayofuata rudi kwenye milo yako na protini igawe: anayebeba vyuma anahitaji kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, yaani gramu 112 kwa mtu wa kilo 70. Yai moja lina kama gramu sita. Dagaa waliokauka vizuri ni protini kwa zaidi ya nusu ya uzito wao, na bei yake haina ushindani na unga wa kopo.

Waliokaa siku tano au zaidi bila chakula wasifungue wenyewe nyumbani. Chakula kingi kinapoingia ghafla, insulini hupanda na kuyasukuma madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kuingia kwenye seli, na moyo unaweza kupoteza mpangilio wa mapigo. Madaktari waliliona hilo kwa wafungwa wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia waliookolewa wakiwa na njaa kali kisha wakafa baada ya kulishwa. Hiyo ni kazi ya hospitali, yenye vipimo vya damu na vitamini B1 kabla ya chakula.

Kurudi kwenye chuma baada ya siku tatu: siku ya kufungua hakuna jimu. Siku ya pili tembea. Siku ya tatu rudi na nusu ya uzito wako wa kawaida, seti mbili. Siku ya tano panda hadi robo tatu. Andika namba zako kwenye daftari kabla ya mfungo, ili usikisie. Wengi hufikia uzito wao wa zamani ndani ya wiki moja ya kula vizuri. Ikipita wiki na bado huwezi kuubeba, au miguu imevimba, au moyo unakwenda mbio ukiwa umekaa tu, weka chuma chini uende ukapimwe damu: potasiamu, fosfeti, magnesiamu na figo.