Pima Nyonga Kabla ya Magurudumu

Anayetaka kuunda kiti cha mpira wa kikapu kwa kawaida huanza na magurudumu, kwa kuwa ndiyo yanayovutia macho: juu yamebana, chini yametanuka. Mlalo huo una kazi. Unazuia kiti kupinduka kwa ubavu, unarahisisha kugeuka, na viti vikigongana hukutana chini, vidole vikasalimika. Lakini kwangu mimi kiti cha mchezo ni vazi kabla hakijawa chombo, na vazi hukatwa kwa kufuata mwili. Mchezo wenyewe unakiri kuwa miili haifanani: kila mchezaji hupewa pointi, kuanzia 1.0 hadi 4.5, kwa kadiri anavyomudu kiwiliwili chake, na jumla ya watano walio uwanjani haipaswi kuzidi 14. Asiyeweza kukaza tumbo anahitaji kikalio kilichozama nyuma, magoti yawe juu ya nyonga. La sivyo kila akisukuma anaangukia mapaja yake. Mwenye kiwiliwili imara aketi juu zaidi, aufikie mpira. Basi mpime akiwa amekaa, amevaa nguo za mchezo. Kikalio kimshike bila kumfinya, maana aliyeumia uti wa mgongo huenda asihisi kidonda kinapoanza.

Wapo watakaosema kiti cha kurekebishika ndicho kinachofaa, kwa sababu klabu yenye viti vichache haiwezi kumtengenezea kila mtu chake. Kwa wanaoanza, nakubali. Ila kila boliti ya ziada ni uzito na ni mahali pengine pa kulegea, na nguvu ya mkono inapotelea humo. Afadhali fremu ichomelewe, zisogee ekseli na kikanyagio tu. Wengine watataka titani. Ni nyepesi kweli, lakini haichomelewi bila gesi ya kuikinga na hewa. Bomba jembamba la chuma likipasuka Ijumaa, fundi wa mtaani analiziba na Jumamosi mechi inachezwa.

Kabla ya kukabidhi kiti, chukua tepu upime umbali kati ya rimu mbili kwenye usawa wa ekseli, kwanza mbele, kisha nyuma. Vipimo vikipishana hata milimita chache, magurudumu yanavutana, na mchezaji atachoka mapema akidhani mazoezi hayajamtosha. Mara nyingi magurudumu yenyewe hayana kosa: vigurudumu vya mbele vimebadilishwa vikawekwa vikubwa zaidi, fremu ikainuka, bomba la ekseli likazunguka nayo. Lilegeze, lirudishe, kaza, pima tena.