Kutoka Ansab Hadi Iskandaria kwa Mfuko Mwembamba

Ikifika Juni, hapa Ansab, Muscat, hakukaliki. Saa nne asubuhi usukani wa gari haushikiki, na watoto waliofunga shule wamejazana ndani kwenye kiyoyozi. Wengi wetu huteremka Salalah kufuata mvua ya khareef, na ni jambo jema, ila nyumba za kupanga huko hupanda bei mno Julai na Agosti. Makala hii ni ya yule anayeitamani bahari ya Mediterania kwa siku tano au sita, bila kukopa.

Uende mji gani? Mimi nasema Iskandaria, Misri. Athens na Barcelona ni miji mizuri, lakini gharama zake zinaanza hata hujatoka nyumbani. Viza ya Schengen, yaani kibali kimoja cha kuingia nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Baba, mama na watoto wawili wa umri huo ni euro 270, zaidi ya riali 100, na tiketi bado. Ukinyimwa, pesa hairudi. Misri, mwenye pasipoti ya Oman huingia bila viza. Uturuki nayo iliwaondolea Waomani viza Desemba 2023, kwa hiyo Antalya iweke akiba, ingawa kula na kulala huko ni ghali zaidi.

Na kama unaishi Ansab kwa pasipoti ya Tanzania, Kenya au kwingineko? Usifuate alivyofanya jirani yako Mwomani. Uliza kwanza ubalozi wa Misri hapa Muscat, ukiwa na pasipoti na kadi yako ya ukaazi, na usikate tiketi mpaka kibali kiwe mkononi. Yeyote yule, hakikisha pasipoti ina miezi sita mbele kabla ya kuisha.

Tiketi itafute mapema, na upekue njia mbili kwa pamoja: Muscat hadi Borg El Arab, uwanja wa Iskandaria ulio kiasi cha kilomita 45 nje ya mji, na Muscat hadi Cairo. Safari za mashirika ya bei nafuu, kama SalamAir, hubadilika kwa msimu, na bei unayoiona kwanza mara nyingi ni ya kiti kitupu. Begi na chakula vinalipiwa mbali. Familia inaweza kununua nafasi ya begi moja tu, wengine wakabeba mikoba ya mkononi. Ukishukia Cairo, panda treni kituo cha Ramses. Safari huchukua karibu saa tatu, na kwa kawaida nauli haifiki riali 5. Shuka Sidi Gaber kama unalala upande wa mashariki wa mji, au kituo cha mwisho, Misr, kama unalala katikati.

Nyumba ndiyo inayomeza pesa. Wakazi wa Cairo huhamia Iskandaria Julai na Agosti, hasa Ijumaa na Jumamosi, na kila mwenye nyumba anajua. Ukiweza, nenda mwanzo wa Juni. Asiyefungwa na shule asubiri mwisho wa Septemba, maji bado yana uvuguvugu na watu wamepungua. Familia ikodi nyumba yenye samani na jiko katika mitaa ya Sidi Bishr, Miami au Mandara. Dalali asikuharakishe: ione nyumba, fungua bomba, washa kiyoyozi, ndipo ulipe. Msafiri wa peke yake atapata vyumba vya kawaida katika majengo ya zamani karibu na Mahattat al-Raml. Mke na mume wachukue nakala ya cheti cha ndoa, kwa maana wapangishaji na hoteli hukidai kwa wageni Waarabu.

Matumizi ya kila siku ni mepesi. Tangu pauni ya Misri ilipoporomoka Machi 2024, dola moja imekuwa karibu pauni 50, hivyo riali moja hukupa pauni zaidi ya 120. Mtu mmoja ajiwekee riali 6 kwa siku, malazi mbali: ful (maharagwe) na taamiya (bajia) asubuhi, maini ya Kiiskandaria kwenye mkate mchana, na mashru, daladala za huko zinazopita barabara ya ufukweni. Ndani ya mashru nauli hupokezanwa mkono kwa mkono mpaka kwa dereva, na chenji inarudi hivyo hivyo. Teksi nyeusi na njano, patana kabla hujafungua mlango.

Samaki wana utaratibu wao. Unawachagua kwenye barafu, wanapimwa, kisha unasema wapikwe vipi. Jaribu singari, samaki aliyepasuliwa na kuokwa na nyanya na pilipili. Uliza bei ya kilo na malipo ya kupika kabla hawajaingia jikoni. Asiyeuliza hapo hulipa matumizi ya siku nzima kwa sahani moja.

Ya kutazama yako karibu karibu: ngome ya Qaitbay, iliyojengwa 1477 mahali uliposimama mnara wa taa wa kale, Maktaba mpya ya Iskandaria iliyofunguliwa 2002, na makaburi ya chini ya ardhi ya Kom el Shoqafa. Kwenye majengo ya kale Waarabu hulipa bei ya Wamisri, ndogo sana kuliko ya wageni wengine, basi onyesha pasipoti kabla ya kuulizwa. Beba na kadi ya benki, maana sehemu nyingi za kale hazipokei fedha taslimu.

Kuogelea, chagua ufukwe wenye waokoaji na utii bendera. Upande wa Agami mkondo una nguvu. Julai 2020, kwenye ufukwe wa Nakhil huko huko, watu 11 walizama siku moja.

Siku ya kurudi iwe Jumanne au Jumatano. Jumamosi jioni Cairo nzima iko barabarani, treni zimejaa, na nauli ya teksi hadi Borg El Arab utatajiwa usiyoitegemea.