Mordekai Hakufuta Jina la Abihaili

Somo la wiki: Esta 2:5–20, Kutoka 2:1–11

Somo letu wiki hii ni kuasili mtoto, yaani kumchukua mtoto ambaye hukumzaa na kumfanya wako kabisa, mbele za Mungu na mbele ya sheria. Upande wa kiroho tunaujua. Paulo amewaandikia Warumi na Wagalatia jinsi Mungu alivyotufanya wana, na tukihubiriwa hayo tunapiga makofi. Shida inaanza jambo hili likifika mlangoni pako, na hasa siku hizi ambapo mtoto yuko hapa kijijini, wanaotaka kumlea wako ng'ambo, na katikati kuna serikali mbili.

Mama mmoja wa kamati alinionya nisiguse mambo ya ndani ya familia za watu. Nimepata ruhusa ya wenyewe, kwa hiyo nitagusa.

Kwanza twende kwa Esta. Esta alikuwa yatima wa baba na mama, na Mordekai, binamu yake, akamtwaa kuwa binti yake. Hiyo iko katika 2:7, na wengi wetu tunaishia hapo. Sasa shuka mpaka 2:15. Zamu ya Esta ya kuingia kwa mfalme inafika, na mwandishi anamtaja kama binti wa Abihaili. Nenda mbele tena mpaka 9:29. Huyu ni malkia sasa, anatia sahihi barua za ufalme wote, na bado ameandikwa binti wa Abihaili. Mordekai alimlea, alikuwa akipita kila siku mbele ya ua ajue hali yake, alimpenda kama damu yake. Lakini jina la marehemu baba yake hakulifuta.

Shika hilo, maana tunalihitaji.

Wako ndugu wawili, mume na mke, waliookoka katika ushirika huu na kufunga ndoa hapa. Sasa wanaishi Marekani, na mume ni raia wa huko. Miaka kumi na miwili wamemwomba Mungu mtoto, na wengi wenu mmefunga pamoja nao. Halafu dada yake mke akafariki, akaacha binti wa miaka mitano ambaye baba yake hajulikani aliko. Mtoto anaishi kwa nyanya yake. Huku yatima, kule chumba kitupu. Wengi tuliona mkono wa Mungu, na mimi bado nauona.

Walipokuja likizo ya Desemba familia ikaketi, na mjomba mmoja akatoa ushauri ambao nimeusikia mara nyingi, mjini na mashambani: tafuteni cheti kipya cha kuzaliwa, muandikwe ninyi ndio baba na mama, mtoto asafiri kama wenu, mambo yaishe. Ati Mungu anajua nia ni njema. Kilichobaki ni barua ya mchungaji ya kuunga mkono hicho cheti. Wakaja kwangu.

Mtoto huyo nilimweka wakfu mimi mwenyewe. Mama yake ndiye aliyembeba, na jina lake liko kwenye daftari la kanisa kwa mwandiko wangu. Miaka minne baadaye nilimzika huyo mama. Sasa niandike kwamba hakuwahi kuwa mama wa mtu? Nikawaambia, barua nitawapa, lakini itasema nilichokiona. Mke akalia. Mume akanyamaza kwanza, kisha akauliza, "Pasta, na sheria ikituchelewesha mpaka mtoto akomae?"

Hilo ni swali la haki. Wacha nieleze sheria yenyewe, kwa sababu wengi tunaiona kama ukuta tu.

Kuna Mkataba wa Hague kuhusu kuasili watoto kati ya nchi na nchi, wa tarehe 29 Mei 1993. Kenya ilijiunga mwaka wa 2007, na Marekani unatumika tangu Aprili 2008. Mkataba huu hauangalii paspoti. Unaangalia mtu anaishi wapi. Kwa hiyo hata mjomba au shangazi wa damu, aliyezaliwa hapa hapa, akiwa na makao ng'ambo anahesabiwa kuwa anatoa mtoto nchi moja kwenda nyingine. Ndugu zetu hawa hawakulijua hilo. Walidhani ni mambo ya familia.

Mkataba unataka mambo kwa mpangilio. Wanaotaka mtoto wanachunguzwa kwanza kule wanakoishi: nyumba, kipato, afya, rekodi ya polisi, hata ndoa yao ikoje. Wakikubaliwa, ndipo upande wa mtoto nao unachunguzwa. Je, kweli hana mzazi wa kumlea? Je, hakuna ndugu au familia nyingine hapa nchini inayoweza? Walioridhia wameridhia kwa hiari, au kuna pesa imepita chini ya meza? Mtoto mwenyewe anasema nini, kwa kadiri ya umri wake? Na kuna kipengele cha 30 ambacho kilinigusa sana: serikali zinatakiwa kutunza habari za asili ya mtoto, hasa wazazi wake walikuwa nani. Nilipokisoma nilimkumbuka Abihaili.

Ukali huu una sababu. Mnamo Novemba 2014 Baraza la Mawaziri letu lilisimamisha kuasiliwa kwa watoto wa Kenya na wageni, kwa hofu ya biashara ya watoto. Baadaye ikaja Sheria ya Watoto ya 2022 na utaratibu wake. Anayeanza leo aulize kwanza ofisi ya watoto kama mlango uko wazi kwa hali yake, kabla ya kumlipa wakili hata shilingi. Broka atakuambia mlango uko wazi daima.

Na ile njia ya mkato? Kutoa habari za uongo kwenye kuandikisha kizazi ni kosa la jinai. Ubalozi nao ukiwa na shaka unaweza kuomba kipimo cha DNA, na shangazi hawezi kupimwa akatokea mama. Hapo visa inakataliwa, uongo unabaki kwenye faili, na ombi la kweli mkilileta baadaye, nani atawaamini? Anayeumia zaidi ni mtoto. Lakini hata kama mngefaulu, wapendwa, siku moja binti huyo angekuwa na miaka ishirini na kumuuliza nyanya yake swali moja tu kwa simu.

Mtu ataniambia, "Pasta, Mordekai mwenyewe alimwambia Esta afiche kabila lake!" Ni kweli, 2:10. Nimelitafakari sana hilo. Alifichwa kwa watu wa jumba la mfalme waliokuwa hatari kwake. Esta mwenyewe hakufichwa. Alijua ni nani, na ndiyo maana saa ilipofika aliweza kusimama na kusema watu wake ni akina nani. Mtoto ambaye hajui hawezi kusimama hivyo.

Musa naye ni hivyo hivyo. Binti Farao alipofungua kisanduku alijua mara moja huyu ni mtoto wa Waebrania. Mtoto akanyonyeshwa na mama yake mzazi, tena kwa mshahara, ndipo akawa mwana wa jumba la mfalme. Alipokua alitoka akawaendea ndugu zake. Alijua njia.

Kuhusu swali la ndugu yetu, kwa upande wa Marekani ombi la namna hii linatakiwa kuwekwa kabla mtoto hajafikisha miaka 16. Binti ana sita sasa. Muda upo, ingawa nakiri kwamba kwa mwanamke aliyengoja miaka kumi na miwili neno "muda upo" ni chungu. Sikumwambia asubiri kwa furaha. Nilimwambia tutasubiri naye.

Kwa sasa wametuma ombi la kuchunguzwa kule wanakoishi. Karo wanalipa. Kila Jumapili jioni wanaongea na mtoto kwa video, na anamwita shangazi, anamuuliza kama theluji inaliwa. Nyanya ametundika picha ya marehemu karibu na meza ya chakula.

Nyumbani mwetu wapo watoto wengi wa marehemu wanaolelewa bila karatasi yoyote, hata wale ambao hawaendi ng'ambo. Kama unaye mmoja, tafuta cheti chake cha kuzaliwa na cheti cha kifo cha mzazi, uende navyo kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Ukikosa cha kuzaliwa, njoo Jumatano baada ya maombi. Daftari la kanisa nitakuwa nalo, tuangalie mama yake aliandikwaje.