SOMO LA AFYA: SINDANO ZA USONI NA MAKOVU YA MFANYAKAZI



Baadhi ya saluni zinatangaza kazi ya kuchoma uso kwa sindano ndogondogo ili kupunguza makovu, mashimo ya chunusi na makunyanzi. Kifaa chenyewe kinauzwa pia mkononi: ni kigurudumu chenye mpini, kimezungushiwa sindano fupi, kinaviringishwa usoni kama rola ya kupaka rangi ukutani. Mwenye kovu la panga la miwa au la mafuta ya moto kiwandani akisikia tangazo hilo, ana haki ya kuuliza kama ni kweli au ni biashara tu.

Ni kweli kwa sehemu. Ngozi ina tabaka. La juu ni jembamba mno. Usoni halizidi sana unene wa karatasi. Chini yake kuna tabaka nene lenye mishipa ya damu na nyuzi imara ziitwazo kolajeni, zinazoishika ngozi kama nyuzi za katani zinavyoishika kamba. Sindano ikifika tabaka la ndani, mwili hujiona umejeruhiwa. Damu hutoka kidogo, na mwili huanza kuziba kwa kufuma kolajeni mpya. Majeraha yakiwa mamia, madogo na ya karibukaribu, kolajeni hiyo hulijaza shimo polepole. Kazi hii huchukua miezi. Kwa kawaida daktari huirudia mara tatu hadi sita, akiacha wiki nne au sita kati ya mara moja na nyingine. Anayekuahidi uso mpya kwa Jumamosi moja anauza maneno.

Mwaka 1997 wapasuaji wawili wa Kanada walieleza jinsi walivyotumia mashine ya kuchora tatuu bila wino kulainisha makovu. Katika miaka hiyohiyo Des Fernandes, mpasuaji wa Cape Town, Afrika Kusini, alikuwa akiitengeneza njia hii, na rola ya sindano inahusishwa sana na jina lake. Mwaka 2018 serikali ya Marekani iliruhusu kifaa cha kwanza cha namna hii kuuzwa kwa ajili ya makovu ya chunusi usoni, kwa watu wa miaka 22 na zaidi. Kwa ngozi nyeusi njia hii ina nafuu moja: haitumii joto kama mashine za leza, kwa hiyo hatari ya kuacha madoa meusi ni ndogo zaidi, ingawa haikosekani.

Lakini tuangalie vizuri. Kinachofanya kazi hapa ni jeraha. Na jeraha ni mlango. Mlango huo hauchagui nani aingie.

Waliokuwa watu wazima Uganda na nchi jirani katika miaka ya 1980 wanakumbuka mafundisho ya UKIMWI: usishiriki wembe, usikubali kuchanjwa chale kwa wembe uliomchanja mwenzako. Rola ya sindano ni wembe huohuo, ila umegawanyika mara mia na zaidi. Damu hujificha kwenye mashina ya sindano, pale zinapoingia katika plastiki. Kupangusa kwa spiriti hakuifikii. Kuchemsha kwa sufuria hakutoshi, na plastiki hupinda. Vyombo vya hospitali hutakaswa kwa mvuke wenye shinikizo, kwa nyuzi 121 au zaidi. Ndugu zetu wa boila wanajua tofauti ya mvuke huo na maji yanayotokota jikoni. Rola za plastiki hazikutengenezwa kustahimili hayo. Hivyo sheria ni moja: kichwa cha sindano hufunguliwa mbele ya macho yako, hutumika kwako, kisha hutupwa katika kisanduku kigumu cha sindano. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa juu ya kitu kikavu siku saba na bado vikaambukiza.

Wala msidhani hili ni tatizo la nchi maskini. Mwaka 2018, katika jimbo la New Mexico huko Marekani, wateja wa saluni moja walichomwa sindano za usoni na kupakwa maji ya damu yao wenyewe. Wakaguzi walikuta chupa za damu zisizo na majina ndani ya friji ya jikoni pamoja na chakula, na hapakuwa na mtungi wa kutakasia kwa mvuke. Ripoti iliyotolewa mwaka 2024 ilieleza kwamba wanawake waliohudumiwa hapo waliambukizwa virusi vya UKIMWI.

Aliyekwisha kuchomwa kwa kifaa anachokishuku asikae nyumbani kwa aibu. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI hutolewa ikiwa mtu amefika ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza faida yake. Aulize pia juu ya chanjo ya homa ya ini.

Kuna mambo mengine ambayo fundi wa saluni hasemi. Mwenye asili ya makovu yanayoota na kuvimba kupita jeraha lenyewe asiguse sindano hizi. Anaweza kuingia na shimo akatoka na kinundu. Mwenye chunusi zenye usaha, upele au kidonda asubiri kipone. Na chochote kinachopakwa juu ya matundu kinaingia ndani ambako hakikukusudiwa kufika: krimu za kujichubua, mafuta ya manukato, hata maji ya vitamini yanayouzwa kwa ajili ya ngozi yamewahi kusababisha vinundu vya uvimbe.

Sasa tuje kwenye kovu la kazini, ambalo kwetu ni jambo zito zaidi. Kovu la moto lililokunja ngozi hata kiwiko hakinyooki si kazi ya saluni. Wapo wapasuaji wanaotumia sindano ndefu kwa makovu ya moto, lakini hiyo ni kazi ya chumba cha upasuaji. Tena, kabla ya kutoa mshahara wako kulainisha kovu ulilolipata kwenye mashine, uliza: ajali iliandikwa? Daktari alilipima kovu na kuandika? Nani anapaswa kulipa matibabu? Kovu ni ushahidi. Mwonyeshe mwakilishi wa chama kwanza, na picha yenye tarehe ipigwe, kisha ndipo lizungumzwe suala la uzuri. Hatumlaumu mtu kutaka uso wake urudi. Msichana aliyeunguzwa shavu ana haki hiyo kama tajiri yeyote.

Tusiwasahau dada wa saluni. Nao ni wafanyakazi, wengi bila mkataba, na sindano ya mteja ikiwachoma kidole hakuna wa kuwapeleka zahanati. Glavu, chanjo na kisanduku cha sindano ni madai yao pia.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika idara yako, ni ajali ngapi za mwaka huu zilizoacha makovu, na ngapi ziliandikwa katika kitabu?

2. Ukiingia saluni, utatambuaje kuwa kichwa cha sindano ni kipya?

3. Zahanati iliyo karibu na kambi yenu ina dawa ya saa 72? Nani atakwenda kuuliza, na lini?